Mfuko mmoja, majina matatu: kisa cha kutambua mwani wa kijani kwa umbile na vinasaba

Kuhusu kisa hiki

Kisa kimetokea kwenye pwani ya Afrika Mashariki, mahali ambapo wanawake wengi hulima mwani. Jina la kijiji, la kikundi, la maabara na la mnunuzi nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa mmoja wa watu watatu wa upande wa utaalamu. Naandika kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya bahari, maofisa ugani na vikundi vinavyoombwa kuandika jina la Kilatini kwenye fomu bila kuelezwa jina hilo hupatikanaje.

Usuli

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wanaujua mwani wao kwa mikono: kuna mwembamba, ambao wanunuzi huuita spinosum, na mnene, ambao huuita cottonii. Aina zote mbili kwa ukoo ni mwani mwekundu, hata ukizikuta shambani zina rangi ya kahawia au kijani.

Tunachozungumzia hapa ni ukoo mwingine kabisa. Ni yale majani laini ya kijani kibichi yanayoshika kamba, tai-tai (vikamba vya kufungia mwani) na vigingi, yanayoteleza mguuni maji yakitoka, na ambayo kwa miaka mingi mkulima akiyaona huyang'oa na kuyatupa ufukweni kwa sababu yanamkaba mwani wake. Wataalamu huyaweka kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jirani, iitwayo Ulva.

Kikundi cha kisa hiki kilikuwa na akina mama wenye kamba zao baharini na mabwawa machache ya samaki aina ya mwatiko. Walikuwa wamesikia juu ya majaribio ya Makoba, Unguja, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 na kuonyesha kwamba Ulva reticulata inaweza kusafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki kwa kufyonza uchafu wenye nitrojeni. Wakajaribu. Majani ya kijani yakastawi bwawani, wakaanza kuyakausha, kuyasaga na kuyatia kwenye sabuni. Kisha akatokea mnunuzi wa nje aliyetaka unga wake kwa chakula. Akatuma fomu, na kwenye mstari wa tatu fomu iliuliza: jina la spishi.

Mstari ule una uzito. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vyakula vipya inauliza kama chakula kililiwa na watu kwa wingi huko kabla ya 15 Mei 1997, na jibu hufuata jina la spishi. Spishi moja ya Ulva inaweza kupita na jirani yake wa jenasi hiyo hiyo akatakiwa kuanza safari ndefu ya vibali. Kwa hiyo jina baya lingeweza kumrudishia mama mzigo wake wote. Hata bila mnunuzi, kikundi kilihitaji kujua wanapanda nini, maana huwezi kutunza mbegu usiyoweza kuitofautisha na jirani yake.

Duru ya kwanza: marundo manne

Tulishuka pwani wakati wa bamvua, maji yalipotoka mbali. Tulikusanya kila cha kijani tulichokiona, tukakimwaga kwenye turubai na kukitenga kwa macho. Rundo la kwanza lilikuwa majani mapana kama karatasi. La pili, marefu yaliyochanika kama utepe. La tatu, yenye matundu mengi kama wavu, ambayo hayakushika mwamba bali yalijifungafunga kwenye kamba. La nne lilikuwa nyuzi nyembamba ambazo ukizibinya unahisi ni mrija, una hewa ndani.

Kwa vitabu vya mwongozo tulivyokuwa navyo, majina yalikuja haraka. Mapana: Ulva lactuca. Utepe: Ulva fasciata. Wavu: Ulva reticulata. Mirija: Enteromorpha. Kila rundo tukalitia kwenye mfuko wake wa plastiki wenye namba. Sehemu ya kila mfuko tukaitia formalini kwa ajili ya hadubini, sehemu tukaikausha kwa silika, zile chembechembe zinazowekwa kwenye vijipakiti ndani ya kisanduku cha viatu, na sehemu tukaibana kwenye karatasi za hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Kwa nini tulifanya hivyo? Maji yalikuwa yanarudi, na fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kupeleka sampuli chache tu maabara. Tuliona marundo manne ni maswali manne. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki pale ufukweni, na ndiyo iliyotuponza.

Mama mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni akikamua maji kwenye kanga yake. Akatuuliza: "Wanangu, haya mnayatenga nini? Haya mapana na haya marefu ni yale yale. Kule kwenye mwamba yanapigwa na mawimbi, yanachanika. Bwawani yanatulia, yanatanuka." Mwenzetu mmoja akamjibu kwa heshima, "Tumekusikia, mama, tutaliandika." Tukaliandika kweli kwenye daftari. Lakini hatukubadilisha chochote.

Kwenye hadubini tulifanya kazi ya kawaida. Unaweka kipande cha jani katikati ya karoti iliyopasuliwa, unakata kwa wembe vipande vyembamba mno, unachagua kilicho chembamba kuliko vyote. Mapana, utepe na wavu yote yalionyesha tabaka mbili za seli zilizobanana. Hiyo ndiyo alama ya Ulva yenye jani bapa. Mwani wa jenasi ya Monostroma unaofanana nayo kwa nje una tabaka moja tu. Mirija ilikuwa na tabaka moja inayozunguka uwazi. Tukatia iodini ili kuhesabu pirenoidi, vile vijidonge ndani ya kloroplasti vinavyozungukwa na wanga na kugeuka vyeusi. Kwenye majani mapana zilikuwa moja hadi tatu kwa seli. Kwenye utepe, moja hadi tatu. Kwenye wavu, vivyo hivyo. Hapo tulipaswa kusimama na kuulizana kama marundo yetu yana ukweli. Tulisema tu, vinasaba vitaamua.

Majibu yasiyolingana

Maabara ilisoma jeni mbili za kloroplasti. Ya kwanza ni rbcL, inayobeba maelekezo ya sehemu kubwa ya kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa wakati wa usanisinuru. Ya pili ni tufA, ambayo tangu mwaka 2010 imependekezwa kuwa kipande cha kawaida cha kutambulia mwani wa kijani, ingawa kuna koo, kama Cladophora na jamaa zake, ambazo haisomeki kwa urahisi.

Sampuli zote zilizopitia formalini hazikutoa kitu. Formalini huzishikamanisha protini na vinasaba na kuvikatakata. Ni dawa nzuri ya kuhifadhi sura, na ni mbaya kwa kazi hii. Zile za silika nazo zilisumbua mwanzoni. Ulva ina ute mwingi wa sukari ndefu uitwao ulvani, na ute huo hutoka pamoja na vinasaba na kuzuia PCR, mmenyuko wa kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi ili kisomeke. Fundi wa maabara aliongeza maji mara kumi kwenye vinasaba alivyovitoa, na vingi vikasomeka. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wakidhani sampuli yao imeharibika na kuitupa, kumbe ilihitaji kupunguzwa nguvu tu.

Majibu yakaja. Mfuko wa mapana na mfuko wa utepe: herufi za vinasaba zile zile, mwanzo hadi mwisho. Mama mwenyekiti alikuwa sahihi. Mfuko wa wavu ulitoa majibu mawili: kipande kimoja kilikuwa tofauti kabisa, na kingine kilifanana na mapana. Tukarudi kwenye karatasi ya hebaria ya mfuko ule. Iliyobanwa pale ilikuwa wavu, haina shaka. Lakini kipande kilichokatwa kwa ajili ya vinasaba kilitoka kwenye jani lipi? Hakuna aliyejua. Ndani ya mfuko kulikuwa na mimea mingi iliyofungamana, na kila mmoja wetu alikuwa amechukua alichokishika.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye benki ya data ya kimataifa, ambako watafiti huweka mifuatano ya vinasaba waliyoisoma. Tulipoweka mfuatano wa herufi za mapana, tulipata rekodi nyingi zilizolingana kikamilifu, nyingine zikiitwa Ulva fasciata, nyingine Ulva lactuca, na chache jina jingine kabisa. Jina kwenye rekodi ni lile aliloliandika aliyeiweka. Mashine hailikagui. Kama mtu alitambua kwa macho kama sisi tulivyofanya kwenye turubai, kosa lake limebaki pale, na kila anayemfuata analinakili.

Uamuzi wa kusimama

Kulikuwa na hoja tatu mezani. Mmoja wetu alitaka tupeleke jina lenye rekodi nyingi zaidi, kwani mnunuzi asingejua tofauti. Wa pili alitaka tuandike "Ulva" peke yake. Mimi nilitaka tuanze upya. Katibu wa kikundi ndiye aliyetatua mjadala kwa swali moja: "Mwalimu, nikitia saini hapa, na wewe utatia saini yako chini ya yangu?" Hakuna aliyekuwa tayari.

Tukamwandikia mnunuzi kuomba muda. Uamuzi huo uliwagharimu akina mama msimu mzima wa kaskazi, wakati jua ni kali na kukausha ni rahisi. Katibu ndiye aliyelazimika kuwaeleza wenzake, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Ilikuwa haki sisi tuliokosea ndio tuende kusema.

Duru ya pili: mmea mmoja, namba moja

Safari hii kanuni ilikuwa moja na haikuvunjwa. Kila mmea ulipata namba yake ungali majini. Tuliupiga picha ulipokuwa umeshika au umenasa, tukaupiga tena kwenye sahani nyeupe yenye rula, kisha jani hilo hilo likagawanywa: sehemu ya kubana kwenye karatasi, sehemu ya silika, na sehemu iliyobaki hai kwenye chupa ya maji ya bahari ili ikatwe na kutazamwa siku ile ile. Formalini hatukuibeba. Kabla ya kukausha, kila kipande kilisuguliwa taratibu kwa kidole ndani ya maji masafi ya bahari, maana mwani mdogo unaoota juu ya jani unaweza kusomwa badala ya jani lenyewe.

Jambo la pili lilikuwa muhimu zaidi. Hatukukusanya tena ili kujaza marundo. Tulikusanya ili kuyavunja. Tulitafuta jani pana kwenye mwamba wa mawimbi, mahali ambapo tulitarajia utepe. Tulitafuta utepe bwawani. Ndani ya fungu moja la wavu tulichukua jani lenye matundu na jani lisilo na tundu hata moja lililokuwa limelala pembeni yake. Tulichukua jani pana lenye matundu mawili matatu tu. Mama mwenyekiti na shangazi yake mmoja ndio waliotuongoza mahali pa kutazama, kwa sababu wao wanajua kila kona ya ufuo ule inabadilikaje kati ya kusi na kaskazi. Jumla tulipata mimea 20.

Kwa kundi la wavu tuliongeza kipande cha tatu, ITS, kilichomo kwenye kiini cha seli wala si kwenye kloroplasti. Sababu ni kwamba spishi zilizo jirani sana zinaweza kufanana kwenye kipande kimoja na kutofautiana kwenye kingine. Mfano unaojulikana ni wa China. Mwaka 2008, kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki pale Qingdao, bahari ilijaa mwani wa kijani, na zaidi ya tani milioni moja zilizolewa. Ulikuwa Ulva prolifera. Lakini kuutenganisha na jirani yake Ulva linza kwa rbcL na ITS kulikuwa kugumu mno, na watafiti walilazimika kutumia eneo jingine, lile lililo kati ya nakala za jeni ya 5S. Kwa hiyo kabla ya kusema "vinasaba vimesema", uliza ni kipande gani kimeulizwa.

Jina Ulva lactuca limetoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipojifunza mengi.

Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka mfumo wa majina ya Kilatini ya viumbe, alilitoa jina Ulva lactuca mwaka 1753. Lactuca ni Kilatini cha saladi ya majani, na kwa miaka zaidi ya 250 karibu kila jani pana la kijani baharini, kuanzia Norway mpaka kwetu, limeitwa hivyo. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Delile akaeleza Ulva fasciata kutoka Aleksandria, Misri: jani la maji ya joto, lililochanika kama utepe. Vitabu vikaendelea kuyatenga, pana huku na utepe kule, na marundo yetu ufukweni yalikuwa mtoto wa vitabu hivyo.

Jina la kisayansi, hata hivyo, haliambatani na maelezo ya kitabuni. Linaambatana na sampuli moja iliyokaushwa, ambayo ndiyo kiini cha jina. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliosoma vinasaba vya sampuli yenyewe ya Linnaeus na kuvilinganisha na sampuli inayowakilisha Ulva fasciata. Zilikuwa karibu sawa kabisa. Mwani wa maji ya joto ndio wenye haki ya jina Ulva lactuca, na kwa kuwa jina la 1753 ni la zamani kuliko la 1813, fasciata linamezwa. Lile jani la maji ya baridi la kaskazini mwa Atlantiki, ambalo Wazungu wameliita lactuca kizazi baada ya kizazi, linatakiwa kuitwa Ulva fenestrata, jina la mwaka 1840.

Kwetu maana yake ilikuwa hivi. Majina mawili yaliyogongana kwenye benki ya data, fasciata na lactuca, yalikuwa jina moja la kale na jingine la kale zaidi kwa kitu kile kile. Mwani wa akina mama wale ulikuwa Ulva lactuca halisi, ya Linnaeus mwenyewe. Siwezi kueleza furaha iliyokuwa chumbani tulipoweka mfuatano wetu kwenye mti wa ukoo, mchoro unaoonyesha nani ni jirani wa nani, pamoja na ile ya sampuli za majina, badala ya kuulinganisha na rekodi zozote zile, ukakaa palepale.

Hata mirija ina historia yake. Mwaka 1820 mtaalamu wa mimea Link aliitenga kwenye jenasi ya Enteromorpha, na kitabu chetu kilimfuata. Mwaka 2003 uchambuzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mirija na majani bapa vimechanganyika kwenye matawi ya mti mmoja, hakuna mstari wa kuvitenga, na vyote vikarudishwa kwenye Ulva kama Linnaeus alivyoviweka. Zipo spishi, kama Ulva compressa, zinazoweza kuwa mrija mahali pamoja na jani mahali pengine.

Jaribio la bwawani

Vinasaba vilisema pana na utepe ni spishi moja. Bado havikueleza kwa nini zina sura mbili, na akina mama walitaka kujua kama mbegu ya mwambani ingewapa majani mapana. Tukaamua kuchukua mmea mmoja wa utepe, kuukata, na kulea nusu bwawani na nusu kwenye kamba nje.

Mara ya kwanza tulikata vipande vidogo kama kifungo cha shati. Baada ya siku chache kingo zikaanza kuwa nyeupe, kisha vipande vikalainika na kuyeyuka. Katibu alidhani maji ya bwawa yana sumu. Kumbe ndiyo tabia ya Ulva: ukiikata vipande vidogo, seli zake hugeuka mbegu, zinatoka kuogelea, na zinaacha maganda matupu meupe. Mara ya pili tulitumia vipande vikubwa, na tukaviacha vitulie kwanza.

Bamvua mbili baadaye tofauti ilionekana bila hadubini. Vya bwawani vilikuwa vipana, vyembamba, rangi ya kijani iliyokolea kwa sababu ya mbolea ya samaki. Vya kwenye kamba vilibaki vyembamba kwa upana, vimekunjamana kingo, vimepauka. Tulisoma rbcL ya vyote viwili, na ilikuwa ile ile kama tulivyotarajia.

Si maji na mawimbi tu yanayochonga sura ya Ulva. Ukiikuza maabara bila bakteria wake kabisa, haipati jani. Hubaki bonge la seli zisizo na mpangilio. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walitangaza kemikali moja inayotolewa na bakteria, waliyoiita thalusini, inayourudishia mwani wa kijani umbile lake. Kwa hiyo unapotazama upana wa jani unatazama jeni, maji, samaki na bakteria kwa pamoja.

Matokeo

Kati ya mimea 20, mitatu haikusomeka. Majani mapana na utepe, ya mwambani na ya bwawani, yote yalikuwa Ulva lactuca. Wavu ulikuwa spishi nyingine, na hata lile jani lisilo na tundu lililokuwa pembeni ya wavu lilikuwa la wavu: changa, bado halijatoboka. Kinyume chake, jani pana lenye matundu machache lilikuwa lactuca lililoliwa. Tulipolirudia kwenye hadubini tukaona tofauti ambayo macho hayakuiona: tundu la wavu lina mdomo laini, seli zimejipanga kama kwenye ukingo wa jani, na tundu la konokono lina mdomo uliokatika.

Jina la wavu tuliliandika kwa tahadhari. Ulva reticulata ilielezwa na Forsskål, msafiri aliyefariki Yemen mwaka 1763 na kazi yake kuchapishwa 1775. Jirani yake wa karibu mno ni Ulva ohnoi, iliyoelezwa Japani mwaka 2004, na watafiti wa Japani na Ufilipino wamejaribu hata kuzizalisha pamoja ili kuona mpaka wake uko wapi. Umbile la wavu lilitupa sababu ya kusema reticulata, ITS haikupinga. Tuliandika "Ulva reticulata, kwa umbile na vinasaba", na sentensi moja chini yake juu ya ohnoi.

Mnunuzi alipelekewa faili la Ulva lactuca ya bwawani peke yake, likiwa na picha, namba za karatasi za hebaria na mifuatano ya herufi. Alichukua mzigo mdogo wa majaribio. Wavu umebaki wa sabuni na wa kusafisha maji.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa mfuko. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema tulikosea kwa kuamini macho. Macho hayakutuponza peke yake; macho ya mama mwenyekiti yaliona sawasawa, kwa sababu alikuwa ameuona mmea ule ule ukibadilika mwaka mzima. Kilichotuponza ni kuukata uzi unaounganisha umbile na vinasaba. Kipande cha maabara kikishatengana na jani lake, unakuwa na herufi zisizo na mwili na mwili usio na herufi, na hakuna fedha itakayoviunganisha tena. Gharama ya kuzuia hilo ilikuwa bahasha na kalamu ya risasi.

La pili, tulikusanya ili kuthibitisha. Sampuli zilizochaguliwa kwa sababu zinafanana na picha ya kitabu zitakupa kitabu. Zilizotufundisha zote zilikuwa za mpakani, jani lisilo na tundu ndani ya wavu na jani lenye tundu nje yake. Kama fedha ni ya sampuli kumi, ningepeleka saba za aina hiyo.

La tatu, kauli ya mkulima tuliiandika kama hadithi. Ilikuwa nadharia kamili, yenye sababu na utabiri, na ingeweza kujaribiwa bwawani kabla ya kutumia shilingi moja maabara. Kwenye duru ya pili tuliitendea hivyo, na ndiyo iliyotuonyesha mahali pa kukusanya.

Lililofanya kazi vizuri ni kulinganisha na sampuli za majina. Sisi si wa kwanza kulihitaji. Afrika Kusini, ambako Ulva hukuzwa kwa wingi kwenye mashamba ya konokono wa baharini aitwaye abaloni, mwani huo uliitwa majina zaidi ya moja kwa miaka mpaka utafiti uliochapishwa 2023 ulipoonyesha kuwa ni Ulva lacinulata. Mashamba makubwa yenye fedha yalipitia njia hii hii.

Jambo moja sijalimaliza moyoni. Msimu ule wa kaskazi uliopotea haukulipwa na mtu. Miradi huweka bajeti ya kusoma vinasaba, haiweki bajeti ya mkulima anayesubiri majibu. Kama nitaandika ombi jingine la fedha, mstari huo utakuwemo, na utakuwa juu ya ule wa maabara.

Kikundi sasa kina daftari lake. Kila mara mbegu mpya inapoingia bwawani, katibu hubana jani moja, huandika tarehe, mahali na hali ya maji, na hutia kipande kwenye bahasha yenye silika. Bahasha mbili kati ya hizo ni za mirija. Tuliisoma, ikaangukia mahali kwenye mti ambapo hapana sampuli ya jina iliyo karibu vya kutosha, na pirenoidi zake hazikutusaidia kuchagua. Juu ya bahasha katibu ameandika "Ulva sp.", yaani Ulva ambayo spishi yake haijajulikana, na chini yake, kwa kalamu nyingine, ya mama mwenyekiti: "huja baada ya mvua ya masika, karibu na mdomo wa kijito."